Mama, Mfinyanzi na Maumbile: Maelezo juu ya Picha Moja ya Bariadi

Mwalimu mmoja wa Bariadi, afundishaye watoto kuchora, aliniletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza lilionekana dogo. Wanafunzi wake walikuwa wamechora ukutani mwanamke mkubwa mwenye nywele za majani, tumbo lake ni mviringo wa dunia, na miguu yake imezama ardhini kama mizizi. Chini ya picha waliandika maneno mawili: Mama Asilia. Bibi mmoja mfinyanzi, aliyepita pale na vyungu vyake, alisomewa maneno hayo, naye akauliza, "Huyo Asilia, mwanawe, ni yupi kati ya hawa?" Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alitaka kujua kama aliyekosea ni bibi au ni picha.

Makala haya yakusudia kumjibu mwalimu huyo. Nitaonyesha kwamba bibi alisoma Kiswahili sawasawa, na kwamba swali lake lagusa jambo kubwa kuliko maneno mawili ya ukutani. Katika lugha yetu, na katika sanaa za nchi yetu ninazozifahamu, maumbile hayakuvikwa sura ya mama mmoja anayesimama badala ya vitu vyote. Njia iliyofuatwa ni nyingine: mama ndiye aliyechorwa, akachongwa na kufinyangwa kwa vitu vya maumbile. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ndani yake mna fikra kamili juu ya nani atendaye na nani atendwaye, na juu ya deni alilo nalo mtu kwa nchi inayomlisha.

1. Mama na jina linalomfuata

Tuanze na sarufi ya jina. Kiswahili kikiweka neno mama mbele ya jina jingine pasipo kiunganishi, maana zake za kawaida ni chache. Ya kwanza ni kumtaja mzazi kwa jina la mwanawe: Mama Juma ni mwanamke aliyemzaa Juma. Ya pili ni kumtaja mwanamke kwa kazi yake: mama ntilie ni yule auzaye chakula kilichopikwa, na mama mboga ni yule auzaye mboga. Ya tatu ni kueleza daraja la ujamaa, kama katika mama mkubwa na mama mdogo. Mtu aliyekulia katika lugha akisikia Mama Asilia hana budi kuanza na maana ya kwanza, naye atamtafuta mtoto. Bibi wa Bariadi alifanya hivyo hasa.

Ni kweli kwamba siku hizi kuna maana ya nne. Twasema lugha mama na kampuni mama, lakini hapo neno mama hufuata jina wala halitangulii, na maana yake ni chanzo. Mpangilio huu ulikuja kwa tafsiri, nao umekwisha kupata makao. Simlaumu atumiaye maneno hayo. Nasema tu kwamba Mama Asilia haukuchukua njia hiyo. Ulichukua njia ya Mama Juma, na kwa hivyo wasomwa kama Mama Juma.

Kuna na jambo la upatanisho wa kisarufi. Mtu akisema maumbile yamebadilika, kiambishi ya- chaonyesha kwamba tunazungumza juu ya vitu. Akisema Mama Asilia amekasirika, kiambishi a- chahamisha vitu vyote vya ulimwengu, mito, mawe na mvua, na kuvitia katika ngeli ya watu kwa mara moja. Masimulizi yetu mara nyingi hayafanyi hivyo hata pale ambapo vitu husema. Mti unaosema katika hadithi waweza kubaki na u- yake: mti ukasema, mti ukajibu. Jiwe nalo hubaki na li-. Msimulizi huwapa sauti pasipo kuwavua ngeli yao. Tashihisi ya namna hii hukiacha kitu kiwe kitu, nacho kikasema.

2. Maneno tuliyo nayo

Ili kufahamu kwa nini wachoraji wa Ulaya walimchora mwanamke, yafaa kulitazama neno lao. Natura la Kilatini latokana na kitenzi nasci, maana yake kuzaliwa, nalo katika sarufi ni la jinsi ya kike. Gaia wa Wayunani, yaani Ardhi, ni wa kike vilevile. Mchongaji aliyetaka kulipa neno hilo mwili alikuta lugha imekwisha kumchagulia mwili wa mwanamke. Mfano mashuhuri upo Roma, katika Madhabahu ya Amani iliyowekwa wakfu mwaka 9 kabla ya Kristo. Ubavuni mwake amechongwa mwanamke aliyeketi na watoto wawili, matunda yako mapajani, na chini yake wapo ng'ombe na kondoo. Wataalamu wangali wanabishana kama huyo ni Ardhi, au ni Amani, au Italia, au Venus. Ubishi huo wenyewe wafundisha jambo: maneno yote manne ni ya kike katika Kilatini, na kila moja laweza kuuvaa mwili uleule.

Kiswahili hakina jinsi ya kisarufi. Tulipokopa maneno ya Kiarabu, jinsi yake ilibaki pwani. Dunia ni la kike katika Kiarabu; kwetu ni la ngeli ya nyumba na kalamu. Tabia ni la kike huko, na maana yake ni pamoja na maumbile yote. Kwetu limepungua likawa mwenendo wa mtu. Asili kwao ni shina na chanzo, na kwetu limebaki hivyo. Hakuna hata moja lililomwita mchoraji amchore mwanamke.

Lililo letu kwa damu ni maumbile, na historia yake yastahili kuelezwa polepole. Shina lake ni kitenzi umba. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamelirejesha shina hilo kwenye mzizi wa kale *-bumb-, ambao maana yake ni kufinyanga udongo. Waganda na Wanyarwanda husema kubumba, na Wazulu husema ukubumba, na wote wana maana ya kufinyanga. Kiswahili kimeiangusha ile b ya mwanzo, kama ilivyoiangusha mahali pengi. Msukuma akitaja nchi yake husema Busukuma, nasi twasema Usukuma. Mganda husema Buganda, na kwa kinywa cha Mswahili likatokea jina Uganda. Basi kuumba kwasimama na kubumba kama Usukuma unavyosimama na Busukuma. Muumba kwa asili ya neno ni mfinyanzi, na maumbile ni vyungu vyake.

Sasa tutazame kiishio cha neno. Kiswahili kina viishio viwili vinavyotenganisha mtenda na mtendwa. Kiishio -i ni cha mtenda: mfinyanzi ni afinyangaye, mzazi ni azaaye, mlezi ni aleaye. Kiishio -e, katika maneno mengi ya kale, ni cha mtendwa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni aliyeumbwa. Maumbile ni ndugu wa kiumbe. Yako upande wa waliotendwa, na mama yuko upande wa wanaotenda pamoja na mfinyanzi na mlezi. Aliyeyaita maumbile mama amekiketisha chungu mahali pa mfinyanzi.

Methali nayo yathibitisha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa mama na ulimwengu hawakufananishwa, wamewekwa wakitazamana. Ulimwengu ni mwalimu anayekuja baada ya mama kushindwa, na kila asikiaye methali hii ajua kwamba fimbo yake ni nzito. Lugha ambayo ingaliona ulimwengu ni mama isingaliweza kuitunga.

3. Kuzaa

Lakini haifai kupita kiasi na kudai kwamba Kiswahili hakioni uhusiano wowote kati ya mama na nchi. Uhusiano upo, nao umo katika kitenzi. Mwanamke huzaa, ng'ombe huzaa, mwembe huzaa. Hatusemi kwamba mwembe wazaa kwa mfano tu. Hilo ndilo neno lake. Kutokana na kuzaa twapata mzazi na kizazi, na twapata pia zao na mazao. Mkulima wa Bariadi apelekaye pamba sokoni hupeleka mazao, yaani vilivyozaliwa, wala hafikiri kwamba ametumia sitiari. Vichipukizi vya mgomba navyo ni watoto wake.

Tuangalie lakini ni nani azaaye. Ni mwembe huu, ni mgomba ule, ni ng'ombe yule. Kuzaa ni tendo la kila kimoja kwa zamu yake. Mkulima wa Kisukuma hana ardhi moja tu machoni pake. Ana luseni, udongo wa mchanga; ana itogolo, ulio mgumu; ana mbuga, ule mweusi ushikao maji masika na kupasuka kiangazi. Kila mmoja ana tabia yake na mazao yake. Kuvikusanya vyote katika mwanamke mmoja ni kupoteza elimu ambayo majina hayo yameihifadhi.

4. Udongo, mti na nguo

Tukitoka katika neno na kuingia katika sanaa, twakuta mpango uleule. Tuanze na chungu, kwa kuwa aliyeuliza swali alikuwa mfinyanzi. Chungu kina mdomo, kina shingo, kina tumbo. Majina haya ni ya kila siku, na kwa sababu hiyo twasahau yasemavyo. Mwanamke huchukua udongo na kuupa umbo la mwili. Udongo haukuwa mama kabla ya kuguswa. Umepata tumbo kwa mkono wa mama.

Pwani, miongoni mwa Wazaramo, kuna sanamu ndogo iitwayo mwana hiti. Ni gogo dogo lisilo na mikono wala miguu, lina kichwa chenye kishungi cha nywele, na matiti madogo kifuani. Mwari aliyewekwa ndani hupewa sanamu hiyo aitunze kama mtoto, ili naye apate uzazi. Mti umefanywa mwana, na msichana anajifunza umama kwa kuulea. Mlezi ni mtu, na mlelewa ni kipande cha mti.

Wamakonde wana masimulizi ya asili yao ambayo Karl Weule, Mjerumani aliyefika kusini mwaka 1906, aliyaandika. Palikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa gogo na kuisimamisha; usiku ukapita, na asubuhi akaikuta imekuwa mwanamke hai. Watoto wao wawili wa kwanza, waliozaliwa katika nchi za chini, walikufa. Wa tatu, aliyezaliwa juu katika uwanda, akaishi, na kwake Wamakonde wakatoka. Hapa mti na mama wamekaribiana kuliko mahali popote nipajuapo. Hata hivyo hadithi haisemi kwamba msitu ni mama. Yasema kwamba mama alitoka mtini, na kati ya mti na mama palipita patasi. Wachongaji wa kabila hilo wamechonga pia kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, chenye chale tumboni, ambacho mcheza ngoma mwanamume hujivika kifuani. Na katika michongo ya mpingo iitwayo ujamaa, ambayo Yakobo Sangwani atajwa kuwa mwanzilishi wake, watu hupandana katika gogo moja, na mara nyingi mama mwenye mtoto yumo kati yao. Gogo ni moja, nyuso ni nyingi.

Nguo yatufundisha vivyo hivyo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina maneno. Mji ni ile sehemu ya kati, na mara nyingi ndani yake huchorwa korosho, nanasi au maua. Neno hilohilo hutumika katika mji wa mimba, mahali mtoto akaapo kabla ya kuzaliwa. Sidai kwamba fundi wa kwanza wa kanga alikusudia fumbo hilo; nasema tu kwamba mwanamke wa pwani huyavaa matunda ya nchi mwilini mwake. Mama haonekani katika picha, kwa sababu yeye ndiye avaaye picha.

Turudi Usukumani. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya michoro ya kutani ya Bayeye, chama cha waganga na wachezaji wa nyoka. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba za chama, wala si ya kutazamwa na kila mpita njia. Mnaonekana nyoka, wanyama, watu, na viumbe vya masimulizi, kila kimoja na umbo lake. Mtu aingiaye katika chama alifundishwa kuvitambua. Elimu ya maumbile kwa Bayeye ilikuwa ni elimu ya kimoja kimoja, kwa kuwa mganga wa nyoka asiyetofautisha swila na chatu hawezi kuishi siku nyingi.

5. Matumbo mawili

Yabaki hadithi moja ambayo Wasukuma huisimulia sana, nayo ndiyo inayolikaribia swali letu kuliko zote. Zimwi liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao. Alisalimika mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha katika lundo la makapi ya nafaka. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, yaani mwenye akili afahamuye upesi. Mtoto alipokua akamwuliza mama yake kwa nini wako wawili tu. Alipoambiwa habari ya zimwi akatoka kulitafuta. Aliua panzi, akafikiri ndilo. Mama akamwambia silo. Akaua ndege, kisha mnyama, na kila mara mama akamwambia silo. Mwisho alilikuta lenyewe akaliua, akalipasua, na watu wote wakatoka hai.

Katika hadithi hii mna matumbo mawili. Moja lameza kila kitu na halizai. Halina budi kupasuliwa ili watu watoke. La pili ni la mwanamke mmoja, nalo lazaa mtoto mmoja anayetosha kuwarudisha wote. Kitu kikubwa chenye tumbo la kuijaza dunia si mama, ni Shing'weng'we. Mama ni mdogo, amejificha, na kilichomficha ni makapi, masalio ya mazao ambayo mikono ya wanawake imeyatwanga na kuyapepeta. Na kazi yake haikwisha kwa kuzaa. Ndiye aliyemfundisha mwanawe kutofautisha panzi na zimwi.

Ndipo nilipoelewa kwa nini picha ya Bariadi ilinitia wasiwasi hata kabla sijajua sababu. Mwanamke mwenye tumbo la ukubwa wa dunia, peke yake ukutani, hana mtoto. Pengine aliyekulia katika hadithi hii hawezi kumwona pasipo kukumbuka tumbo lile jingine.

6. Kulea

Msomaji aweza kuuliza kama haya yote si mabishano ya wasomi juu ya maneno mawili. Sioni hivyo, hasa kwa Bariadi. Nchi hiyo, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga na tangu hapo ni makao ya Mkoa wa Simiyu, yajua maana ya ardhi kuchoka. Miti ilikatwa ili kufukuza mbung'o, ikakatwa tena kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, na mifugo ikazidi. Kilichosaidia kuirudisha miti katika sehemu nyingi za Usukuma hakikuwa picha ya mama. Ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua, isiguswe, hata kiangazi kikali kifike ndipo ng'ombe waingizwe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kwisha mwaka 2004, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na eneo la ngitili lililorudishwa katika mkoa lilizidi hekta 300,000.

Tufikiri sasa jinsi mtu anavyotenda kwa kufuata picha aliyo nayo. Mama, katika mazoea ya watoto, ni yule atoaye pasipo kuhesabu na asameheye pasipo kuombwa. Mtoto huomba, mama hutoa. Mtu aliyefundishwa kwamba nchi ni mama yake aweza kuipenda kwa dhati na bado akaendelea kuikamua, akiamini kwamba mama hakauki. Ngitili yatoka katika fikra nyingine: nchi ni kitu kinachotunzwa, na mtu ndiye mlezi. Anaifungia, anaisubiri ikue, anaizuia hata kwa ng'ombe wake mwenyewe wenye njaa. Hivyo ndivyo mama afanyavyo kwa mwana. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea: methali hii ya zamani yatosha kuwa sheria ya ngitili.

Simkatazi mtu kuchora apendavyo. Lugha hai hukopa, na sanaa hukopa zaidi. Wajukuu wetu huenda wakaisikia Mama Asilia kama sisi tunavyoisikia lugha mama, pasipo kumtafuta mtoto. Lakini mchoraji ajue alichokopa, na mwalimu ajue kinachopotea. Ulaya ilimchora mwanamke kwa kuwa sarufi yake ilimwonyesha mwanamke. Sarufi yetu yaonyesha mkono na udongo, mzazi na zao, mlezi na mlelewa. Hilo nalo laweza kuchorwa, na kuta za shule zetu bado ni tupu.

Nilimjibu mwalimu kwamba bibi hakukosea, na kwamba picha haina haja ya kufutwa; imepungukiwa tu. Nilimshauri awarudishe watoto ukutani, na amwombe yule bibi awatangulie. Wamwulize ni udongo gani unaofaa chungu, huchimbwa wapi, na hukaa siku ngapi kabla ya kuchomwa. Kisha wachore mikono yake, na kati ya mikono hiyo wachore ngitili moja ya jirani, pamoja na miti wanayoijua kwa majina. Akiuliza tena mwana ni yupi, watamwonyesha.